Stesheneri ya pale Sinza: nyota nne, ya tano imebaki kwenye lile folda

Jamani leo nataka niwape rivyuu ya stesheneri. Najua mtasema stesheneri nayo ya kuandikia rivyuu, si unaenda unatoa kopi yako ya mia unaondoka. Subirini kwanza.

Jina siliweki, mkifika chini mtaelewa kwa nini. Ipo Sinza, ukishuka Mori unaingia ndani njia ya vumbi, unapita saluni, unampita mama wa chapati, alafu unakuta fremu moja imebandikwa makaratasi mpaka mlango hauonekani. Bango linataja kila kitu duniani: kuchapa, kopi, skani, leminesheni, picha za pasipoti dakika tano, NIDA, vyeti vya kuzaliwa, mikopo ya chuo, ajira, TIN, leseni, viza, kadi za harusi, na mwisho kabisa VITENGE (hiyo ni kweli, dada wa mwenye duka anauza, vimepangwa kwenye kona nyuma ya printa). Ndani kuna kompyuta mbili za mezani, moja kibodi yake herufi A, E na N zimefutika kabisa, feni moja inayozunguka kama inafikiria, benchi la watu wanne wanalokaa saba, na dogo mmoja wa miaka kama 26 hivi. Huyo dogo ndo rivyuu yenyewe.

Na mi ni nani. Mi ni developa. Kuna majina makubwa makubwa ya hii kazi lakini ukweli ni kwamba miaka kumi na kitu natengeneza fomu tu: mtu aandike jina, aweke namba ya simu, abonyeze tuma, ikubali. Nimeifanya hapa Dar, nimeifanya Berlin kuanzia 2017 mpaka 2023, na sahivi naifanya nikiwa sebuleni kwangu kwa kampuni ya nje. Mama mdogo wangu wa Tanga mpaka leo anaamini nipo TRA, kwa sababu siku moja aliniuliza baba unafanya kazi gani nikamjibu naandika kodi, yaani code za kompyuta. Sijawahi kumsahihisha, heshima niliyopata baada ya pale ni kubwa mno.

Huyu mama mdogo ndo chanzo cha yote. Binti yake ni nesi Hamburg, kajifungua mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza bila bibi kuja kumkanda mzazi haiwezekani, kwa iyo viza ya kutembelea ikaanza kutafutwa. Akapanda basi kutoka Tanga na bahasha yake ya kaki na kiroba cha machungwa ya Muheza. Kuna mtu huko Tanga alishamwambia atoe laki tatu atamshughulikia kila kitu. Nikamwambia mama mdogo usimpe mtu hela yako, nitakujazia mwenyewe, hii ndo kazi yangu.

Aisee.

Picha nikampiga ukutani kwangu sebuleni, ukuta mweupe, simu nzuri, mwanga wa dirishani, nikajiona fundi. Fomu nikajaza jioni moja huku nakunywa chai. Barua ya mwaliko binti kaiandika mwenyewe akatuma, nikaisoma, nikaipitisha. Bima ikapatikana, ile ya kuanzia yuro 30,000 wanayotaka kwa viza ya Schengen. Na miadi ya ubalozini ikatoka, Jumanne, 8:00. Nikamrushia mama mdogo WhatsApp karatasi ya miadi, ye yupo chumba cha pili, na ye akanijibu kwa sauti nimeiona baba, saa nane, nitaswali adhuhuri kabisa ndo niende. Nikamuitikia sawa mama. Nilikuwa kwenye kikao, masikioni nina spika, nikaitikia tu.

Kilichotuokoa ni printa yangu kuishiwa wino.

Jumamosi asubuhi tukatembea mpaka pale. Dogo akasimama, "shikamoo mama," mama mdogo akamwitikia marahaba baba hujambo, mi nikapewa "mambo braza" yangu nikashukuru. Nikampa flashi nikamwambia kurasa kumi na moja, nyeusi tu, tuna haraka. Akafungua. Hakuchapa. Akaanza kusoma. Mi huwa sipendi mtu asome vitu vyangu, nikamwambia dogo we toa tu. "Natoa braza, sekunde moja." Akaendelea kusoma, mdomo unacheza cheza kama mtoto wa la pili, alafu akamgeukia mama mdogo, mi kanipita kama sipo:

"Mama, jina lako lina h au halina?"

Jina lake ni Mwanaidi. Kwenye pasipoti Mwanaidi, kwenye fomu niliyojaza mimi Mwanaidi, kwenye barua ya binti yake wa kumzaa, Mwanahidi. Binti aliandika akiwa zamu ya usiku, simu ikamsahihishia. Hiyo barua mi nimeisoma mara nne. Dogo akasema mpigieni dada airudie sahivi, aitume PDF asitume picha, na asaini kwa mkono. Tukampiga simu pale pale, akaanza kulia (ana siku tisa tangu ajifungue, kila kitu kinamliza), baada ya nusu saa ikaingia mpya.

Nikidhani yameisha akachukua picha yangu ile akaiweka kwenye skrini akaitazama kama daktari anavyotazama eksirei. "Hii itarudi." Nikamuuliza kwa nini. Akanionyesha kivuli nyuma ya bega ambacho mi sikukiona, alafu akatoa rula ya plastiki ya shule, ile ya sentimita thelathini iliyovunjika ncha, akapima. Picha ya Schengen ni milimita 35 kwa 45, na uso wenyewe, kidevu mpaka utosi, unatakiwa uwe 32 mpaka 36. Wa mama mdogo ulikuwa 27. Alikuwa na namba zote kichwani. Pale ukutani ana waya, juu yake kuna mashuka matatu yamekunjwa kama mapazia: bluu kwa ajili ya pasipoti yetu, jeupe kwa Wamarekani ambao wao wanataka picha ya mraba milimita 51 kwa 51, na la kijivu hafifu kwa watu wa Ulaya. Pembeni kwenye msumari linaning'inia koti jeusi la suti, moja, saizi kubwa, na tai imeshafungwa tayari, unavaa kama mkufu. Nusu ya wanaume wa Sinza waliosafiri miaka hii wamesafiri na lile koti.

Sasa angalieni hii. Mama mdogo kavaa mtandio, na mtandio unaruhusiwa kwa sababu ya dini ila uso lazima uonekane kuanzia paji mpaka kidevu. Wa kwake ulikuwa umeshuka kidogo. Dogo hakumgusa, wala hakumwambia mama vua. Akaita nyuma, "Dada! Njoo mara moja umsaidie mama." Yule dada wa vitenge akaja, akamsalimia, akamshika mtandio akauvuta nyuma vidole viwili, akauchomeka pini aliyoitoa mdomoni kwake, akamwambia umependeza mama, akarudi kwenye vitenge vyake. Sekunde ishirini. Mi nimekaa kwenye vikao vya wiki nzima, Berlin, watu nane mezani na kahawa zao, tunajadili namna ya kumwelekeza mtu apige picha yake vizuri kwa simu. Tulichora duara la kuweka uso. Tulijisifia lile duara.

Alafu ndo akafika kwenye karatasi ya miadi. Hakuuliza kitu. Akachomoa biro sikioni, na chini ya pale palipoandikwa 8:00 akaandika kwa herufi kubwa: SAA MBILI ASUBUHI. SIO SAA NANE. FIKA SAA MOJA NA NUSU. Akaipigia mistari miwili.

Mama mdogo akaisoma. "Heh. Kumbe asubuhi?"

Akanigeukia taratibu. Lile jicho sitalisahau.

Nikamuuliza dogo umejuaje, mbona hakukuambia. Akasema braza kila wiki napata mmoja, mwingine anakuja na miadi 2:30 ya mchana kaenda asubuhi kakaa pale Umoja House, ulipo ubalozi, nje mpaka jua limemchoma, mwingine kaachwa na ndege. Anaongea huku anachapa, kwake ni kitu cha kawaida kama kuweka karatasi kwenye trei. Mi pale benchini nimenyamaza. Nimeandika mistari sijui mingapi ya kuhesabu saa, ya Ulaya kusogeza saa mbele Machi na kurudisha nyuma Oktoba, ya mtu akiwa Berlin na mwenzake Dar kikao kiwe saa ngapi, lakini saa ya mama yangu mdogo, hii inayoanza kuhesabiwa jua likichomoza, sijawahi kuiwekea hata mstari mmoja. Na yeye yupo wakati mi nazaliwa, sio kwamba nilikuwa simjui mteja.

Wakati tunasubiri picha zikauke kulikuwa na mzee mmoja kwenye kompyuta ya pili, ile ya herufi zilizofutika, anafungua imeili, na mfumo ukamletea ule mtihani wa kuthibitisha we sio roboti. Chagua picha zote zenye mabomba ya zimamoto. Ya Kimarekani yale, mafupi mekundu yanasimama pembeni ya barabara. Dogo akamwambia mzee bonyeza hayo madude mekundu kama mtungi. Mzee akauliza ndo nini. Ni mabomba ya zimamoto mzee, Marekani yapo kila kona. Mzee akatulia, akasema sawa, ila sisi yanatuhusu nini? Benchi zima kimya, watu saba hamna mwenye jibu, na mmoja wa hao saba analipwa kutengeneza hivi vitu. Ikaja ya pili, taa za barabarani, hizo akazipata zote haraka haraka, akasema za Ubungo nimezikalia foleni miaka yote kabla hawajaweka flaiova.

Niwaambie kwa nini hili limenigusa hivyo, maana mtaona kama nimekuza jambo.

Nimefika Berlin Februari 2017, nina kazi mkononi, nina mkataba, nina viza, kwa iyo sikuwa mzamiaji wala sikwenda kubeba boksi (hili swali la boksi nimeulizwa na kila dereva wa bodaboda tangu nirudi). Nikapata chumba eneo linaloitwa Wedding, mtaa wanauita wa Kiafrika, na mitaa kweli ina majina ya kwetu, kuna Sansibarstraße, kuna Usambarastraße, kuna Tangastraße. Fikiria mtu wa Tanga unatoka na masweta matatu kwenye baridi lile unakutana na Tanga imeandikwa kwenye kibao. Nikapiga picha nikatuma nyumbani, wakauliza bahari iko wapi. Kulikuwa na barabara iliyopewa jina la Carl Peters pia, ndio, yule yule Mjerumani wa ukoloni, Mkono wa Damu, mpaka 2024 ndo wakaigawa wakaipa majina mapya, kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Nilikuwa nimeshaondoka, niliiona kwenye simu nikiwa daladala.

Kule ukihamia nyumba sheria inasema ndani ya wiki mbili uwe umejiandikisha serikali ya mtaa. Bila ile karatasi ya kujiandikisha kufungua akaunti ya benki ni shida, bila akaunti mshahara utaingia wapi, na kila kitu kingine kinaisubiri hiyo karatasi moja. Fomu iko mtandaoni, kwa Kijerumani. Miadi inachukuliwa mtandaoni, imejaa mpaka mwezi unaofuata. Nikawa naamka saa kumi na moja alfajiri nabonyeza ukurasa ujipakie upya, ujipakie upya, mchana naenda kazini kutengeneza fomu za watu wengine, usiku narudi kushindwa na yangu. Na kuna karatasi nyingine mwenye nyumba anatakiwa akusainie, jina lake refu kama treni, sikujua hata kama ipo.

Aliyenitoa ni mzee mmoja Mtogo mwenye kiduka cha intaneti karibu na stesheni ya treni. Mnavijua vile viduka kama mmekaa nje: vibanda vya simu vya mbao vimebaki ila hakuna anayepiga simu, unatuma hela, unanunua kadi ya laini, mafuta ya nywele, magimbi, ndizi za kupika, na kule mwisho kuna kompyuta nne. Kiingereza chake cha kuombea maji, Kifaransa changu hamna, Kijerumani changu cha wiki moja. Akachukua fomu yangu akaijaza yeye kwa kalamu, akaniuliza kwa vidole wapi sijui, akanitolea ile karatasi ya mwenye nyumba, na pembeni akaniandikia namba ya mlango wa ofisi na akachora saa ya mshale. Yuro tano. Sikumwambia kazi yangu ni nini. Nilimwambia nipo hotelini.

Tena pale pale kwake ndo niliona mashine ya faksi inafanya kazi kwa macho yangu kwa mara ya kwanza. Nimetoka Dar nimezoea kulipa kila kitu kwa simu, ada, umeme, maji, nimefika Ulaya naambiwa kuvunja mkataba wa jimu nitume faksi. Kwenye video za majuu za TikTok haya huwezi kuyaona. Utaona theluji ya kwanza, utaona treni, utaona mtu anasukuma toroli la supamaketi kama anaendesha gari. Barua hawaonyeshi. Ujerumani ni barua, mwanangu. Unarudi kazini umechoka unafungua kisanduku unakuta bahasha tatu, unazipanga mezani unazitazama, hakuna hata moja unayoelewa, na mojawapo ina tarehe ya mwisho.

Kwa iyo nilipomuona dogo anapiga mistari miwili chini ya SAA MBILI, nilimuona yule mzee.

Na kuna kitu kingine nimekifikiria tangu siku ile. Sisi tulidhani hizi sehemu zimekufa. Nikiwa sekondari Tanga intaneti kafe ilikuwa sehemu ya maana, unalipia nusu saa, dakika kumi zote zinaishia kwenye kufungua Yahoo, mlango una pazia, ndani baridi la kiyoyozi, jamaa wa kaunta anakuheshimu kama una imeili. Mtandao wenyewe ulikuwa unakuja kwa setilaiti, ghali na taratibu. Julai 2009 mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ukafika Dar, bei zikaanza kushuka, simu za kugusa zikaingia, mabando yakaingia, na kafe moja moja zikageuka saluni, zikageuka baa, zikageuka duka la kava za simu. Tukasema basi, kila mtu sasa ana intaneti mfukoni. Alafu huduma zote zikahamia huko huko, pasipoti za kielektroniki Januari 2018, malipo kwa kontro namba, ajira, mikopo, vyeti, na watu wenye simu mfukoni na bando limejaa wakaanza kupanga benchi tena kwenye fremu zile zile. Zamani ulilipia mtandao. Sahivi mtandao unao, unamlipia dogo. Kwenye ofisi zetu hizi za teknolojia hamna anayemhesabu, tukiona watu laki moja wamekamilisha fomu tunapigiana makofi, na kumbe sehemu kubwa ya hao laki moja ni madogo kama mia wenye rula.

(Mei 2024, ile Jumapili mikongo ya baharini ilipokatika, EASSy na SEACOM kwa pamoja, nilimuuliza alifanyaje. Anasema alifungua kama kawaida, akatoa kopi.)

Haya, mabaya sasa, maana nisije nikaonekana nimelipwa.

Kwanza joto. Feni haitoshi na printa inatema moto, ukikaa karibu nayo shati linalowa. Umeme ukikatika umekatika, hamna jenereta, unaacha namba yako ya simu unarudi nyumbani. Ukienda baada ya saa nne asubuhi utakuta wanafunzi wamejaa.

Pili, kuta. Kuna mawakala wanalipia kubandika matangazo yao pale: Kazi Poland bila uzoefu, Kazi Qatar mshahara mnono, viza uhakika, piga namba hii. Watu wanakuja na simu wameshapiga picha ya skrini ya TikTok, mtu anaonyesha hela kitandani, wanamuuliza dogo hii ni ya kweli? Kwa haki yake, nimemsikia akimwambia binti mmoja dada hawa wakikuomba hela ya usajili usitoe. Ila tangazo lipo nyuma ya kichwa chake, na hela ya kulibandika kachukua. Nilimwambia. Akacheka akasema kodi ya fremu braza, na hii sio ile kodi unayoandika wewe. (Mama mdogo alishamweleza kila kitu kuhusu mimi.)

Tatu, barua za maombi ya kazi. Zamani alikuwa na barua moja anabadilisha majina. Sasa hivi anatumia ChatGPT, amejifunza mwenyewe, na nisiwe mnafiki hata mi naitumia kazini kila siku. Ila nimeona barua ya kijana anayeomba kazi ya usafi wa hoteli Dubai imeandikwa kwa Kiingereza ambacho hata bosi wangu hakijui, ana shauku isiyomithilika ya ubora wa huduma. Kijana mwenyewe kasimama pale kashika chapati. Nikamuuliza unajua kilichoandikwa humo? Akasema hapana ila ni ndefu, ni nzuri. Sasa siku ya usaili wakimuuliza? Dogo anasema wote wanaandika hivyo, ukileta barua ya kawaida unaonekana hujasoma. Hapo nilikosa la kusema kwa sababu ni kweli, huko upande wa pili wanaozisoma nao wanaziingiza kwenye mashine izisome. Mashine zinaandikiana barua kuhusu kijana mwenye chapati.

Nne, na hii ndo iliyomnyima nyota. Folda. Kwenye uso wa kompyuta, katikati, kuna folda limeandikwa WATEJA. Ndani kuna pasipoti za watu, NIDA za watu, vyeti vya kuzaliwa, hati za benki, zimekaa wazi tu, na ile kompyuta anakaa yeyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, hilo folda likionekana na wahusika dogo ana kesi, ndo maana jina la duka siliweki. Alafu chini ya kaunta kuna daftari la kaunta kwaya mbili, lina imeili za wateja na paswadi zao kwa biro. Anawafungulia watu imeili, na paswadi anazowapa zinafanana zote, jina la mtaa na mwaka. Humo humo kuna namba za uthibitisho za watu waliojaza ile bahati nasibu ya green card ya Marekani miaka iliyopita, na ile namba ndo kila kitu, matokeo unayaangalia mwenyewe mtandaoni kwa hiyo namba, hakuna barua inayokuja. Akiamua kuwa mtu mbaya, hujui kama umeshinda mpaka aseme yeye.

Nikamkalisha nikamwambia, kwa upole. Akanisikiliza vizuri tu, alafu akaniuliza braza, mama wa mtu akisahau paswadi ananigongea saa tatu usiku, kesho yake ndo mwisho wa kutuma maombi ya mtoto wake ya mkopo. Nisipoandika namwambia nini? Mi nina majibu ya kitabuni ya hilo swali. Niliyatazama usoni pake yakaisha nguvu. Tukakubaliana angalau afute za mama mdogo nikiwa naona, na azitoe mpaka kwenye pipa la taka la kompyuta. Akafuta. Jina lililobaki chini yake likapanda juu, likajifungua kapicha kadogo, pasipoti ya jamaa simjui, kavaa lile koti jeusi.

Nikamuuliza wewe mwenyewe ile bahati nasibu umewahi kujaza? Akasema mara tano. Mara ya sita mwaka ule alisahau, siku ya mwisho ya dirisha foleni ilifika mpaka kwa mama wa chapati, akajaza za watu mpaka usiku, alipokuja kukumbuka ya kwake mfumo ulikuwa umeshafungwa. Wateja wake wawili walishinda. Mmoja yupo Ohio, bado anamtumia WhatsApp amsaidie kujaza fomu za kule.

Bei: kuchapa 200 kwa ukurasa, kopi 100, picha seti 5,000, kupitia na kusahihisha makaratasi ya viza alinitoza 10,000. Jumla ikawa 17,200, akanisamehe 200. Yule wa Tanga alitaka laki tatu. Nenda asubuhi, saa mbili kamili keshafungua (saa mbili yetu), nenda na flashi yako mwenyewe, na ukimaliza mwambie akufutie mbele yako, anafuta, ila lazima useme. Nyota nne.

Mama mdogo Jumanne alifika ubalozini saa moja na robo, yupo nje na bahasha yake, mlinzi akamwambia mama umewahi. Majibu tunasubiri. Jioni nikatafuta kile kiroba cha machungwa nichukue moja, nikakuta yamebaki matatu. Mengine alimpelekea dogo.